Mwaka Niliosamehewa

Juzi, kwenye kilio cha Papa Kalala, mwanawe Trésor alisimama mbele ya hema na karatasi mbili mkononi, akatusomea maisha ya baba yake. Nilikuwa mstari wa tatu, kwenye kiti cha plastiki, na sahani ya bukari, ugali wetu, na samaki wa chumvi juu ya magoti, maana akina mama walikuwa wamegawa chakula kabla ya saa yake. Alisoma kuzaliwa, akasoma shule, akasoma ndoa na duka la vipuri. Kisha alisoma hivi, na nayaandika kama nilivyoyasikia: "Ule mwaka baba alitengeneza motokari ya mashindano na mikono yake. Motokari ilivunjika juu ya kosa ya soudeur. Lakini baba, na moyo yake ya kikristo, alimusamehe yule soudeur mbele ya bantu bote, na hakumuuliza tena hata siku moja." Watu wakasema amina. Wawili watatu waligeuka kunitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu aliyepona ugonjwa wa aibu. Mwiba wa samaki ukanichoma ufizi, nikaumeza na samaki wake.

Soudeur yule, mtu wa kusude, yaani wa kuchomelea chuma, ni mimi, Banza. Nilianza kuandika madaftari mwaka uleule, mwanzoni kwa ajili ya kazi tu: unene wa bomba, idadi ya baguette, vijiti vya kuchomelea, nilizochoma, kiungo gani kimekwisha na kipi bado. Polepole maneno ya watu yakaingia katikati ya vipimo. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, kwa hiyo msomaji asitafute hapa Kiswahili cha darasani. Habari za wazazi wangu naziacha, hawana kosa katika jambo hili. Nina hasira, nasema mapema, na mtu mwenye hasira hukumbuka vizuri yale yanayomsaidia. Ndiyo maana nimeyatoa madaftari chini ya kitanda, nikayaweka mezani hapa, na mahali ambapo yananipinga nitasema.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na sita, na mashine ya kuchomelea ambayo bado ilikuwa ya mtu mwingine. Papa Kalala alikuwa muuza vipuri hapa mtaani kwetu Ruashi, shemasi katika kanisa la maombi, mtu mnene wa maneno matamu, wa familia iliyotoka Kasai zamani. Kulikuwa na watu wa klabu waliokuwa wakishindanisha magari kwenye njia za udongo upande wa Luano, nyuma ya uwanja wa ndege: watu wa migodi, wafanyabiashara, wenye pikapu zilizofika zimekamilika kutoka nje. Alikwenda kuwatazama jumapili moja baada ya ibada, akarudi na vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. "Bale banauzaka bintu," alituambia. "Shee tutatengeneza. Mungu hakuuza dunia mu magazini." Huku kwetu mtu akisema kuuza, mara nyingi ana maana ya kununua, na shee ni sisi. Kaumba, fundi wa mota kutoka Naviundu, alimjibu akiwa amelala chini ya lori la mteja, umeme umekatwa, miguu yake tu ikionekana: "Lakini Mungu hakukuwa na délestage, Papa. Alisema nuru ikuwe, ikakuwa. Shee tunangoja courant tangu asubui."

Hivyo tulikuwa watatu: Papa Kalala wa kuendesha, Kaumba wa mota na wa kukaa kando yake akimsomea njia, na mimi wa chuma. Ateliye, karakana yetu, ilikuwa ua wa nyuma wa nyumba ya Papa Kalala, ukuta wa matofali ya kuchoma ambao haukuwahi kupigwa lipu, kontena moja la vipuri, na kichuguu kikubwa kuliko jiko ambacho hakuna aliyekuwa na nguvu ya kukibomoa. Mabomba tuliyatafuta sokoni. Mengine yalikuwa ya kuchimbia mgodini, mazito, yenye chuma cha kweli. Mengine ya maji, nikayakataa, na Papa Kalala akanisifu mbele ya muuzaji kwa kuyakataa. Hilo nalikumbuka na daftari linakubali. Viti vilitoka kwenye taksibasi iliyokufa, mota kwenye pikapu ya mtu aliyehamia Kolwezi. Siku mota ilipowaka mara ya kwanza gari liliruka mbele kabla hatujajua breki zinashikia wapi, likapanda kichuguu mpaka nusu, likasimama pale pua juu. Mama Béa, mke wake, alitoka na mwiko mkononi, akatazama, akasema: "Sasa mumezala mbuzi." Likaitwa Mbuzi.

Nataka kusema neno juu ya baraza ya Mama Béa, kwa sababu hasira yangu inapita hapo pia na sitaki iharibu kila kitu. Tulikula pale kila siku saa nane. Sinia moja ya bukari, sombe ya majani ya muhogo yenye mafuta ya mawese, siku nyingine kapenta, dagaa wetu, wa kukaanga, maji ya kunawa katika beseni ya kijani yenye ufa. Kaumba alikuwa akinitania kwa sababu natoka Kamina, mji wa reli. "Bantu ya Kamina banasude kama treni yabo," alisema. "Inafika, lakini hauyue siku gani." Nami nikamjibu kwamba watu wa Naviundu wanavunja kitu hata kabla hawajakinunua. Papa Kalala alicheka mpaka akakohoa, akanisogezea kipande kikubwa cha samaki upande wangu wa sinia, bila kusema kitu, kama baba anavyofanya. Nimejaribu miaka yote hii kumchukia mtu aliyesogeza samaki yule, na mara nyingi nimeshindwa, na kushindwa kwenyewe kunanikasirisha.

Wiki mbili kabla ya mashindano Kaumba alisema Mbuzi ameinama mbele. Akitua kutoka juu atachimba udongo na pua. Alisema kweli. Nilikata viungo vinne vya mbele, pale mikono ya magurudumu inaposhika fremu, nikavishusha upana wa kiganja ili pua inyanyuke. Ikabaki kuvichomelea upya. Wakati huohuo, bila kutuuliza, Papa Kalala alikuwa amekwisha kumwambia mchungaji kwamba gari liko tayari na jumapili waje waliombee. Kanisa zima liliambiwa. Mashindano yalikuwa jumamosi baada ya jumapili hiyo.

Na umeme wiki ile ulikuja umechoka. Balbu ya ateliye ilikuwa nyekundu kama jicho la mlevi, na mashine yangu ililia kuanzia asubuhi. Kwa asiyejua kazi hii nieleze kidogo. Moto ukiwa mdogo, baguette inayeyuka, chuma cha juu kinalainika, lakini kile cha chini hakifunguki kupokea. Ukimaliza unaona mstari mzuri wenye magamba kama samaki, na mpita njia atakusifu. Lakini umebandika tu. Sisi tunasema imelala juu, haikuingia. Kiungo cha namna hiyo kitabeba uzito wa gari lililosimama, kitabeba hata watu wanne waliokaa wanapiga picha. Kuruka hakiwezi.

Jumamosi, siku moja kabla ya maombi, Papa Kalala alikuja ateliye mara tatu. Gari halikuweza kusimama bila viungo vile, na mchungaji hawezi kuombea chuma kilicholala kwenye matofali. Mara ya tatu nilibandika vyote vinne na moto uleule mbaya, ili lisimame tu. Daftari linasema, samdi ikiwa jumamosi na lundi jumatatu: "Samdi. Viungo 4 vya mbele, courant mbaya, kurudilia lundi. Nimemwambia Papa K." Nimeusoma mstari huo pengine mara mia. Nimemwambia. Sikuandika nilimwambia nini, wala kwa sauti gani, wala yeye alikuwa anatazama wapi. Nafikiri nilisema: "Papa, hii ni ya kusimamisha tu, aiko ya kukimbia." Nafikiri alijibu: "Ndiyo, ndiyo, lundi." Lakini mimi ni mtu wa sauti ndogo mbele ya wakubwa, na inawezekana nilichosema kilikuwa kidogo kuliko ninachokumbuka. Alasiri ileile Papa Kalala alilipaka gari rangi ya bluu, tabaka mbili, kwa brashi yake mwenyewe, akiimba.

Jumapili watu wa kanisa walikuja na ngoma. Mchungaji alikuwa mtu wa kazi safi: alichovya kidole katika mafuta akagusa kila kiungo cha fremu, kimoja kimoja, akiinama hata chini ya mota na shati lake jeupe, hakuruka hata kimoja. Alipofika kwenye vile vinne vya mbele nilimshikia kichupa cha mafuta. Tukala kuku na wali. Mama mmoja wa kwaya alinipongeza kwa magamba ya samaki.

Jumatatu umeme ulirudi mzuri kuliko mwezi mzima. Balbu nyeupe, mashine imenyamaza kama inavyotakiwa. Nilifika mapema, nikachomeka meule, ile mashine ya kukatia chuma, na sauti yake ikamtoa Papa Kalala ndani na kikombe cha chai.

"Unaenda kufanya nini na ile?"

"Naenda kufungua bile bine ya mbele, Papa. Nilikuambia samdi."

"Kufungua." Aliweka kikombe juu ya ukuta. "Pale kwenye mafuta ya Mungu ilipita, weye unaenda kupitisha meule."

"Mafuta ilipita juu ya rangi, Papa. Chini ya rangi aikushika."

"Njo weye mukatolika. Kwenu banaomba dakika mbili, kisha banaenda kukunywa."

"Basi nifungue, nisude muzuri, kisha mchungaji aombe tena."

"Aombe tena? Donc tumuambie Mungu, ile ya kwanza haukusikia vizuri, tunarudilia?"

Kaumba alicheka chini ya gari. Na hapa daftari linanipinga, kwa hiyo naandika: nilicheka pia. Limeandikwa, "tumecheka wote." Papa Kalala alichomoa waya wa meule ukutani, akauviringisha taratibu, akanipa mkononi kama mtu anavyokurudishia kofia yako.

Nitende haki. Hakuwa akijifanya. Nyumba yake ilipoombewa, mwaka mzima hakukuwa na msumari uliopigwa ukutani. Mama Béa alitundika sufuria zake kwenye nondo za dirisha mpaka mwaka ukaisha. Kwao, kitu kilichowekwa mikononi mwa Mungu hukifungui kwa zana zako ukitazama kama kweli alikishika. Nimewaheshimu watu wa imani hiyo maisha yangu yote. Ninachokikasirikia ni kwamba aliliita kanisa kabla ya kuniita mimi. Siku ya maombi aliipanga kwa kalenda ya mchungaji, si kwa kazi iliyobaki, kisha kosa la haraka yake akalifunika na jina la Mungu, na mimi nani wa kumwondolea Mungu jina lake.

Jumatano nilikuwa nanawa mikono kwenye bomba nyuma ya jiko. Ukuta ule ulikuwa mwembamba. Nilimsikia Mama Béa: "Banza anasema aiko nguvu."

"Banza eko na woga," Papa Kalala alijibu. "Soudeur ya woga anapenda kurudilia kila kintu, ili bantu bamuone eko na maana."

"Na kama iko kweli?"

"Kama iko kweli, Mungu atanionyesha mbele ya samdi." Yaani kabla ya jumamosi.

Mwiko ulikwaruza sufuria. "Na Mungu anakuonyesha na kinywa ya nani sasa?" Mama Béa aliuliza.

"Leta bukari, mama."

Nilifunga bomba, nikapita mbele, nikakaa barazani, nikala. Wangeweza kuona kwamba nimesikia, kama wangenitazama. Nilikula vizuri siku ile, sombe ilikuwa na karanga. Sijui watu wengine hufanya nini na hasira yao katika umri wa miaka ishirini na sita. Mimi niliimeza pamoja na chakula, nikashukuru, nikarudi kulisafisha gari.

Alhamisi nilimwambia Kaumba peke yake, nyuma ya kontena, asipande. Alijifuta mikono kwenye suruali. "Na nani atasoma njia? Weye? Weye na daftari yako, tutafika ku virage, ku kona, uko unaandika tarehe." Nikamwambia sitanii. "Nayua," alisema. "Lakini Papa akienda peke yake, ataenda mbio zaidi. Niko pale juu ya kumuambia pole pole." Hivyo alijua. Tulijua watatu, na wanne pamoja na Mama Béa, na bado jumamosi asubuhi tulimsukuma Mbuzi kwenye barabara tukiwa tumevaa fulana za bluu zinazofanana.

Njia ya mashindano ilikuwa duara kubwa kwenye vichaka nyuma ya Luano, ardhi nyekundu, vichuguu vilivyosawazishwa nusu na kuachwa kama vilima vya kurukia. Ndege moja ilishuka chini sana juu yetu na watu wote wakainamisha vichwa, hata wale wa klabu. Walituangalia kwa tabasamu walipoona viti vya taksibasi. Mzunguko wa kwanza tabasamu liliisha. Mbuzi aliwapita wawili kwenye kona ya mchanga, akapanda kilima cha kwanza, akaruka, akatua, akaenda. Nilipiga kelele mpaka koo likauma. Niseme ukweli wote: kwa muda wa mzunguko ule niliyaamini mafuta. Nilifikiri, labda mimi ndiye sijui kazi, labda iliingia, labda Mungu anachomelea wakati watu wamelala. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyekosea.

Mzunguko wa pili, kilima kilekile. Alitua, na upande wa kushoto mbele ukapiga magoti. Hakukuwa na mlio mkubwa, ila kama mtu anavunja muwa. Gurudumu liliingia chini, gari likazunguka likalala ubavu, na bomba la pembeni likashuka juu ya mguu wa kuume wa Kaumba. Papa Kalala alitoka mwenyewe na mkwaruzo kwenye paji la uso. Tulikuwa watu saba kuinua fremu. Niliinua upande wa kiungo kilichovunjika, mkono wangu ulikuwa juu yake, na sikukitazama.

Chumba cha hospitali kilikuwa na vitanda sita na jamaa za wagonjwa sakafuni kwenye mikeka. Siku ya pili tulikuwa pale wote: Mama Béa na termosi ya uji, watu wa kanisa, shangazi za Kaumba, mchungaji. Kaumba alikuwa ameshonwa na kufungwa, macho yake yanaelea kwa dawa. Shangazi mmoja aliuliza sababu, bila ubaya, kama mtu anavyouliza saa: "Lakini ilivunjika juu ya nini?" Kabla yangu, Papa Kalala alisimama. Alikuwa na plasta kwenye paji. Akaweka mkono wake mzito begani kwangu.

"Iko kazi ya mikono ya muntu," alisema, "na muntu anakosaka. Banza iko kijana. Mbele ya Mungu na mbele yenu bote, miye nimemusamehe."

Wakasema amina mpaka mtu wa kitanda cha dirishani. Sasa, kwetu mkubwa akikusamehe mbele ya watu, unachuchumaa, unakunja viganja, unapiga makofi mepesi mara tatu. Ukishapiga, jambo limefungwa. Atakayelifungua tena ndiye anayekuwa mkosaji mpya. Kila mtu pale alijua hivyo. Walinisubiri. Nilimtazama Mama Béa, akatazama termosi yake. Nikachuchumaa kati ya vitanda viwili, nikapiga mara tatu. Nimevuliwa shati na askari barabarani mbele ya watu, nimefukuzwa nyumba na vitu vyangu vikiwa mvuani, lakini sijawahi kudhalilishwa kama siku ile niliyotendewa wema.

Keshoyake nilikwenda uani peke yangu. Mbuzi alikuwa amelala kando ya kichuguu chake. Nikakitazama kiungo. Ndani, kati ya vyuma viwili, mahali ambapo kiungo kilichoshika kinakuwa cha kijivu na chenye punje kama chumvi, kulikuwa na rangi ya bluu. Ilikuwa imepenya kutoka juu na kukaukia mle, tangu jumamosi ya brashi. Rangi haiingii mahali palipofungwa. Niliandika: "Bluu ndani ya kiungo. Haikushika hata siku moja." Kisha nikakaa juu ya tofali. Kilikuwa kiungo nilichotaka kukifungua, na kilikuwa kiungo nilichokifunga kwa mkono huu. Vyote viwili ni kweli, na sijawahi kupata njia ya kuvisema pamoja bila kimoja kumeza kingine. Wiki iliyofuata wanunuzi wa chuma chakavu walichukua fremu. Sidhani Papa Kalala aliiuza ili kuificha. Mke wake alikuwa anataka ua wake.

Jina langu lilikwenda nayo. Hapa Ruashi, mwenye lori hakunyimi kazi kwa ubaya. Anasema tu, "Ule iko muntu muzuri, Papa Kalala alimusamehe," kisha anapeleka lori kwa mwingine. Nililetewa masufuria. Nililetewa milango ya mabanda ya kuku. Miaka mitatu sikugusa kitu chochote kinachobeba watu. Papa Kalala, na hili pia lazima nilitaje, alimtibu Kaumba mpaka mwisho, na mguu ulipokataa kukunjika alimweka kwenye kaunta ya duka lake, na Kaumba amekaa pale mpaka leo na fimbo yake, akilisha watoto wanne. Mimi alinisalimu kila tulipoonana, kwa furaha, kwa jina langu lote. Alikuwa amemaliza. Mtu aliyekusamehe hana deni la kukutazama vizuri.

Ndiyo haya yaliyokuwa kooni mwangu pamoja na mwiba wakati Trésor alipomaliza kusoma. Aliteremka, akasalimu wakubwa, akaja moja kwa moja kwangu na chupa ya soda. Kaumba alikuwa amekaa kando yangu, mguu wake umenyooshwa mbele kama kawaida. Mwaka ule Trésor alikuwa shule ya bweni; anajua alichosimuliwa tu.

"Papa Banza, pole. Baba alikuwa anakupenda, vraiment."

"Asante, mwanangu. Ile musamaha uliyosoma. Nataka kuirudisha."

Alifikiri hakusikia. "Kuirudisha namna gani?"

Nikamweleza: umeme, viungo vinne, mafuta, meule, bluu ndani ya kiungo. Kaumba hakuongeza neno wala hakupunguza. Trésor alitazama upande wa nyumba, ambako wanawake walikuwa wakiimba.

"Papa, si leo. Mufu eko mu nyumba."

"Ule mwaka pia baliniambia si leo. Baba yako alikuwa muntu muzuri. Alimulisha huyu. Miye mwenyewe alinipa samaki. Lakini alinisamehe kosa yake mwenyewe."

Akafanya jambo ambalo sikulitegemea: akatoa kalamu, akageuza karatasi, akaiweka juu ya goti. "Kesho nitasoma tena ku kanisa. Niandike nini?"

Miaka yote hii nimekuwa na hasira na sikuwa na sentensi. Nilikunywa soda kidogo. Kisha nikasema, naye akaandika: "Motokari iliombewa mbele ya kuisha. Soudeur alitaka kurudilia, bakamukataza. Na soudeur aliyua, akanyamaza." Kwenye ile ya tatu kalamu ilisimama.

"Hii ya mwisho aiko lazima, Papa. Itakuharibia bule."

"Hii ya mwisho njo yangu. Ukitosha hiyo, tosha yote." Kutosha, kwetu, ni kutoa.

Alikunja karatasi, akaiweka mfukoni, akanishika mkono kwa mikono miwili.

Jana kanisa lilijaa mpaka nje. Tulikaa nyuma mimi na Kaumba, kwa sababu ya mguu wake. Trésor alisoma vizuri, kwa sauti ya baba yake. Alisoma kuzaliwa, akasoma shule, akasoma ndoa, akasoma duka. Halafu akasoma ujenzi wa kanisa hilihili, bati na matofali, na jinsi Papa Kalala alivyobeba mchanga mwenyewe. Niliendelea kusubiri mpaka waliposema amina. Soudeur hakuwepo. Msamaha haukuwepo. Mbuzi hakuwepo, wala kilima, wala mwaka wenyewe. Mtoto alikuwa amenitii, alitoa yote. Mbele yetu watu walianza kusimama kwa wimbo. Kaumba hakusimama. Aliniinamia.

"Sasa miye," alisema kwa sauti ndogo, "huu muguu ilivunjikia wapi?"